Umri wa Siagi

28 Agosti

Mimi Algot Brandell nina miaka themanini na tatu. Nimewazika kaka zangu wawili, mke wangu Maj-Lis, matajiri watatu wa machimbo haya, na daktari aliyeniambia kwamba vumbi la mawe halitaniacha nifike uzee. Reli ya kubebea mawe imeng'olewa, winchi imeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, mimi nipo. Shule nilikaa miaka sita na mingi nilikuwa naangalia dirishani. Lakini kwa kukata mawe ya chokaa, Uswidi nzima mtafute wa kunishinda, na mkimpata mleteni.

Naandika kwa sababu shemeji yangu Gunvor, dada wa marehemu mke wangu, anasema nikisimulia nazidisha. Basi nitaandika siku ileile, kabla jambo halijapata nafasi ya kukua.

Jambo lenyewe ni pampu. Machimbo yalifungwa zamani, ila shimo limebaki kavu kwa sababu pampu ya halmashauri inanyonya maji bila kupumzika. Sasa halmashauri inasema imechoka kuilisha umeme. Mwezi wa Desemba watakaa waamue. Wakiizima, shimo linajaa maji na ukuta wangu unazama. Nasema wangu kwa sababu nimeukata mimi, na wote niliokata nao wako makaburini. Kuna kitu kimoja tu cha kuuokoa: chuo kikuu kiseme ukuta una faida kwa sayansi. Wanamtuma mtu aje kuupima umri.

3 Septemba

Nimeziba Siagi.

Siagi ni tabaka laini la kijivu, unene wa kiganja, lililobanwa katikati ya mawe magumu karibu na chini ya ukuta. Ukilishika linateleza vidoleni, ndiyo maana ya jina. Mvua ikinyesha linavimba, barafu ikija linasukuma, na mawe ya juu yanaanza kukaa vibaya. Kila mchimbaji wa hapa anajua la kufanya. Unachota mchanga wa ziwani, unaukanda pamoja na Siagi yenyewe, unaushindilia kwa mti mpaka mkono wote uingie ndani. Baba alifanya hivyo, nami nafanya. Safari hii nimefanya vizuri kuliko miaka yote, maana kuna mgeni. Kazi yangu huwezi kuitofautisha na ya Mungu.

5 Septemba

Mvua. Pampu inakohoa.

9 Septemba

Mgeni amefika. Nilitegemea mwanaume mwenye ndevu, amekuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kofia ngumu kichwani, matope mpaka magotini. Anaitwa Ylva Rosvall.

"Habari za asubuhi, mzee. Wewe ndiye mwenye ukuta?"

"Ndiye. Na wewe ndiye mwenye chuo?"

"Mimi nimetumwa tu."

Nikamtambulisha ukuta kama mtu anavyotambulisha ukoo wake. Chini kabisa Sakafu, juu yake Mkaidi, halafu Siagi, halafu Kengele, ambayo ukiigonga kwa nyundo inalia. Nikamwonyesha pembe za mawe, wale wanyama wa baharini wa zamani, wengine warefu kama mguu wangu. Nikamwambia waliomo kwenye Mkaidi ni wakongwe kuliko waliomo kwenye Kengele, maana kilicho chini kilitangulia kulala.

"Sahihi kabisa," akasema.

"Najua ni sahihi. Sikukuuliza."

Akacheka. "Haya, kilitangulia kwa miaka mingapi?"

Nikaigonga Kengele kwa nyundo, ikajibu yenyewe. Sijazoea kuulizwa nisichokijua.

Akanieleza tukiwa tumekaa juu ya jiwe. Mawe ya chokaa ni matope ya bahari iliyokauka, hayana saa ndani yake. Pembe nazo hazina saa. Mwenye saa ni Siagi, kwa sababu Siagi ni majivu. Mlima wa moto ulilipuka mbali huko, majivu yakaruka, yakadondoka baharini yakalala hapa. Ndani ya majivu kuna fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi. Zilipozaliwa ndani ya mlima zilifungia madini ya urani kidogo, na urani hugeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwa mwendo uleule siku zote. Baridi haiicheleweshi, joto haliiharakishi. Wanapima iliyobaki na iliyokwisha kugeuka, wanapata miaka.

"Nikijua umri wa Siagi," akasema, "basi wanyama wa Mkaidi ni wakubwa zake na wa Kengele ni wadogo zake. Ukuta mzima unapata tarehe. Watu watatoka nchi nyingine kuja kulinganisha mawe yao na yako."

Nikampenda kidogo aliposema "yako".

Akachota Siagi akajaza mifuko. Hakuchimba ndani sana, aliogopa Kengele imwangukie kichwani. Akasema hajapata kuona tabaka lililonyooka vizuri namna ile. Nikavimba.

12 Septemba

Gunvor ameleta mikate ya iliki. Anaoka vizuri, Maj-Lis alioka vizuri zaidi. Nimemwambia. Amechukua miwili akarudi nayo.

21 Septemba

Mvua siku zote hizi. Nikilala naisikiliza pampu kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Ikikata kidogo nakaa kitako.

Sture wa halmashauri, anayeitunza, amekuja leo kuipaka grisi.

"Mzee, pampu hii ina umri wako."

"Mimi sivuji."

"Subiri tu."

12 Oktoba

Ylva amekuja bila kupiga simu. Huku kwetu mtu haji hivyo isipokuwa kuna msiba. Alivua viatu mlangoni, akakaa jikoni, kahawa hakuigusa.

"Mzee Algot, Siagi imetuchanganya."

"Kivipi?"

"Fuwele chache zina miaka milioni mia nne na hamsini hivi. Hizo ndizo nilizozitarajia. Lakini nyingi zina miaka bilioni moja na milioni mia sita, mia saba. Huo ni umri wa granaiti, yale mawe magumu mekundu."

"Basi Siagi ni kongwe. Safi."

"Haiwezekani. Imelala juu ya Mkaidi, na wewe mwenyewe umenifundisha kilicho chini kilitangulia. Miaka hiyo yote nyuma hakukuwa na mnyama mwenye pembe duniani. Sasa pembe za Mkaidi zimetoka wapi?"

Nikakoroga kahawa yangu, na sukari situmii.

"Labda mto wa zamani ulisomba mchanga ukauchanganya na majivu," akasema. "Ikiwa ni hivyo, tabaka halifai kupimia. Itabidi niwaambie halmashauri."

Aliposema mchanga, nikaacha kukoroga. Mchanga wa ziwa letu ni granaiti iliyosagika. Mtoto wa darasa la kwanza anajua, ukilowa unakuwa mwekundu.

Nikamsukumia sahani ya mikate. Akasema asante, hana njaa. Akavaa viatu akaondoka. Mchanga wangu sikuutaja.

13 Oktoba

Nimefikiri vizuri. Nilitia ndoo chache tu. Ndoo chache za mchanga haziwezi kubadili umri wa dunia. Wamekosea wao na mashine yao.

14 Oktoba

Dhoruba. Paa la banda la kuni limekwenda kwa jirani.

15 Oktoba

Nimeamka kwa sababu ya ukimya. Pampu imekufa.

Nimepiga simu halmashauri, nikajibiwa na sauti ya mashine. Ni wiki ya kuwinda kulungu wakubwa, nimesahau vipi. Sture yuko msituni, fundi umeme yuko msituni, hata mchungaji wa kanisa yuko msituni. Mtu akitaka kufa wiki hii afe mwenyewe.

16 Oktoba

Nimemfuata Sture hukohuko. Nimewakuta wamezunguka moto wanakaanga soseji.

"We mzee! Kofia nyekundu iko wapi? Utapigwa bunduki ukidhaniwa kulungu!"

"Kulungu gani ana fimbo? Sture, pampu imekufa."

"Najua. Nimeambiwa nisiiguse mpaka kikao cha Desemba."

"Desemba ukuta utakuwa chini ya maji!"

"Sasa nifanyeje? Huyo dada wa chuo amesema tabaka limechanganyika."

"Limechanganyika siyo kusema halifai."

"Kwa lugha ya halmashauri ni hivyohivyo. Nani atatengeneza pampu kwa ajili ya ukuta usiofaa? Kaa, ule soseji."

Sikukaa. Nimerudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nagombana na mchanga.

17 Oktoba

Maji yamefunika Sakafu.

18 Oktoba

Yamepanda Mkaidi. Nimesimama ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi. Mvua haiachi. Viazi vimenishinda kumeza.

19 Oktoba

Gunvor amekuja, ameangalia sahani yangu, kisha mimi.

"Shemeji, unadonoa kama kuku mgonjwa. Una nini?"

"Maji."

"Maji unayaona kila mwaka. Hiki ni kingine."

Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mpigie msichana wa watu."

"Atanidharau. Nilimwambia mimi ndiye naujua ukuta."

"Basi akudharau, utakufa? Algot, unajua ulivyo? Ukikosea unakaa juu ya kosa kama kuku juu ya mayai, unasubiri litoe vifaranga. Maji hayawezi kukungoja mpaka haya zako ziishe."

Nikamwambia aende kwake. Akasema haendi. Akachemsha kahawa yangu, akanywa, akanitazama. Nimejifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la mwezi uliopita.

20 Oktoba

Asubuhi maji yamegusa Siagi. Nimepiga.

"Ule mchanga," nikasema, "haukuletwa na mto."

"Uliletwa na nani?"

"Na mimi. Mchanga wa ziwani. Nilishindilia wiki moja kabla hujaja. Ndivyo tunavyofanya, mawe yasikae vibaya."

Nikafikiri simu imekatika.

"Kwa mkono wako, mzee?"

"Kwa mkono wangu. Kazi nzuri sana."

"Nzuri mno! Nimepoteza muda wote huu kutafuta mto ambao haukuwahi kuwepo." Kisha akapumua. "Basi Siagi yenyewe ni nzima. Fuwele zile chache ndizo zake. Lakini kwa chache vile siwezi kuapa mbele ya mtu. Nataka Siagi safi. Naja kesho."

"Kesho itakuwa chini ya maji."

"Hakuna mahali pengine inapotokeza? Mahali ambapo hujatia mkono wako?"

Nikasema hakuna.

Uongo. Matabaka yetu yamelala sawasawa, na nyumba yangu iko chini kwenye mteremko, upande wa ziwa. Siagi inapita nyuma ya stoo ya viazi, chini ya jiko langu. Baba alipochimba stoo ile aliikuta, akajenga ukuta wa mawe mbele yake, na juu ya ukuta huo akasimamisha dohani ya kutolea moshi wa jiko. Ukiutoa ukuta, dohani imesimama juu ya hewa. Na baridi ndiyo hiyo inakuja.

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Jioni Gunvor akauliza kwa nini naangalia sakafu.

21 Oktoba

Nimempigia tena Ylva. Nimemwambia aje na magogo ya kuegemezea.

23 Oktoba

Tumefanya kazi tangu asubuhi. Ylva ana mkono, sikatai. Anaposimamisha gogo linasimama. Nimetoa mawe ya baba moja moja kwa mtaimbo, nimeyapanga nje kwa mpangilio wake, yarudi kila moja mahali pake. Jiwe la mwisho lilipotoka tukaiona Siagi, kijivu, ina ubaridi, haijaguswa na mtu. Nikanyoosha mkono niishike.

"Mzee! Mikono mifukoni!"

"Nataka tu..."

"Mifukoni, tafadhali. Mikono yako imeshanipa miaka bilioni moja ya ziada."

Nyumbani kwangu mwenyewe, nimesimama kama mtoto aliyepewa adhabu. Akaosha koleo lake kwa maji safi mara mbili. Akatupa Siagi ya juu, akachimba ndani mpaka bega likapotea, na ya ndani ndiyo aliyoiweka mfukoni. Nilikuwa naangalia magogo, yeye anaangalia Siagi. Ndipo nikasikia sauti ndogo juu yetu, kama mtu anakunja karatasi.

"Toka," nikamwambia.

"Mfuko mmoja tu bado."

"Toka, binti! Sasa hivi!"

Nikamshika ukosi nikamvuta. Alikuwa amekumbatia mifuko yake kama mama na mapacha. Tumefika ngazini, gogo la kati likateleza, na kitu kizito kikashuka nyuma yetu. Masizi yakajaa kila mahali. Juu Gunvor akapiga kelele: "Algot! Jiko limelala!"

Hatukuumia. Tulipotoka nje Ylva alikuwa mweusi, meno tu yanaonekana. Akahesabu mifuko yake. Mimi nikahesabu mawe ya baba.

27 Oktoba

Mkaguzi wa majengo amekuja. Dohani imepasuka toka chini mpaka juu. Nyumba hairuhusiwi kuwashwa moto, na nyumba isiyowashwa moto hapa haikaliwi. Nimebeba redio, nguo na picha ya Maj-Lis, nimehamia kwa Gunvor. Chumba kina mapazia ya maua.

2 Novemba

Tumewasha mishumaa makaburini kama kila mwaka. Nimemweleza Maj-Lis kuhusu jiko. Lilikuwa lake.

8 Novemba

Maji yamefunika Kengele yote. Ukuta hauonekani tena, kuna ziwa tu na bata wanne. Nawachukia.

15 Novemba

Ylva amepiga simu. Wanazichambua fuwele moja moja kwa darubini, kisha zitapangiwa zamu kwenye mashine. Nikamuuliza kama zitawahi kikao. Akasema anaomba. Watu wa sayansi nao wanaomba, sikujua.

19 Novemba

Theluji ya kwanza.

24 Novemba

Nimekutana na Sture dukani.

"Huyo dada wako ni mwungwana," akasema. "Amewaambia halmashauri kosa la mara ya kwanza ni lake. Eti hakuchimba ndani vya kutosha."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Na wakubwa wameanza kumnong'ona, kwamba kama alikosea mara ya kwanza, tutamwamini vipi mara ya pili?"

Nikaacha maziwa pale kwenye meza nikaenda naye mpaka ofisini kwao. Nikawaambia wote waliokuwepo: mchanga ni wangu, niliukanda mimi, niliushindilia mimi, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba chuo kikuu kizima hakikuuona. Asipewe mtu mwingine sifa ya kazi yangu.

Wakaangaliana. Mwanamke mmoja akaandika. Nikatoka. Nimefika nyumbani kwa Gunvor ndipo nikakumbuka maziwa sikununua.

1 Desemba

Gunvor ameweka nyota ya karatasi dirishani. Sisemi naye kwa sababu anasema nakoroma.

5 Desemba

Hakuna simu.

7 Desemba

Hakuna. Gunvor amefunika simu kwa kitambaa ili nisiiangalie. Sasa naangalia kitambaa.

9 Desemba

Hakuna. Kikao ni tarehe kumi na mbili. Nimewaza: kama Siagi ya stooni nayo imechanganyika, basi nimevunja nyumba ya baba kwa kitu cha bure, nikampotezea kazi mtoto wa watu, na bata wataishi kwenye ukuta wangu milele. Kifua kimebana mchana kutwa. Daktari hajaitwa, kwa sababu sikumwambia Gunvor.

10 Desemba

Imelia.

"Mzee, uko kwenye kiti?"

"Sema!"

"Fuwele zote ni za umri mmoja. Zote! Hakuna hata moja ya granaiti. Miaka milioni mia nne hamsini na nne."

"Na mnaweza kukosea kwa kiasi gani?"

"Nusu milioni, huku au huku."

"Nusu milioni! Hata Gunvor hakosei umri wake kiasi hicho."

Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema haijawahi kupatikana safi hivi katika mawe ya aina yetu. Ameshawapelekea halmashauri. Akasema asante, akalitaja jina langu bila mzee mbele yake. Nikasema, "Haya, binti, kalale." Ilikuwa saa tatu asubuhi.

13 Desemba

Kikao kilikuwa jana. Wamekubali. Leo watoto wa shule wamepita wakiimba na mishumaa yao ya sikukuu ya Lusia, na nyuma yao gari la halmashauri limeleta pampu mpya. Sture ameifunga, akaniita niwashe mimi. Nimewasha. Inanguruma vizuri, ila ya zamani ilikuwa na sauti ya kiume zaidi.

16 Desemba

Maji yameshuka, kilele cha Kengele kimetoka juu, cheusi na kimelowa. Barafu imening'inia. Bata wameondoka.

Nyumba haitarudi. Mkaguzi amesema dohani ikitolewa na jiko linafuata, jiko likitolewa na paa linafuata. Itabomolewa baada ya theluji. Stoo itabaki, Ylva anataka mlango wenye kufuli na taa, wageni watashuka kuiona Siagi. Nimemwambia funguo akae nazo yeye. Mapazia ya maua nimeanza kuyazoea, Gunvor asijue.

Haya ndiyo yaliyotokea, na sikuongeza. Asiyeamini amuulize Ylva Rosvall, alikuwepo dohani iliposhuka. Amuulize Sture, alinisikia ofisini nikidai mchanga wangu. Amuulize na Gunvor, atamwambia yote kama nilivyoyaandika, isipokuwa atasema kwamba siku ile simu ilipolia nililia mpaka akanishikia kikombe. Hilo asimwamini. Mengine yote amwamini.